Kerneli imekrashi: anza na mstari wa kwanza, si wa mwisho

Tatizo hili, kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kuanguka, huwa linanifikia kama picha ya WhatsApp. Skrini imepigwa kwa pembeni, balbu ya chumba inamulika katikati ya kioo, na chini kabisa unasomeka mstari mmoja:

```
---[ end Kernel panic - not syncing: Fatal exception ]---
```

"Kaka, hii nini tena?"

Mstari huo haujibu swali. Ni kama cheti cha kifo kilichoandikwa "amefariki" kisha kikagongwa muhuri. Chanzo kilichapishwa mapema zaidi, mistari thelathini au hamsini juu, kikasukumwa nje ya skrini. Hapo ndipo wengi wanapoanza kubahatisha: wanasakinisha mfumo upya, wanabadilisha diski, wanalaumu sasisho la juzi. Dalili zifuatazo nimezipanga kama ninavyozifuata mwenyewe kwenye Linux, hasa Debian na Ubuntu. Kwenye Fedora na ndugu zake amri chache hubadilika, mantiki ni ileile.

Kwanza tuelewane kwa maneno mawili. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huiua na maisha yanaendelea. Kerneli yenyewe ikikosea, juu yake hakuna mkubwa wa kuiua. Kosa likiwa la kuvumilika inachapisha ripoti ya kosa iitwayo Oops, inaua kazi iliyokuwa ikiendeshwa dakika ile, kisha inajikongoja. Likiwa halivumiliki, inaingia paniki na kusimamisha kila kitu. Yale maneno "not syncing" yanamaanisha kwamba haitamwaga kwenye diski data iliyobaki, kwa kuwa haijiamini tena. Hiyo ni busara, ila kwako ina gharama: maneno ya mwisho ya marehemu mara nyingi hayafiki kwenye logi, yaani faili za kumbukumbu za matukio.

Na ukiona "Out of memory: Killed process" ikifuatiwa na jina la programu yako, hiyo si ajali ya kerneli. RAM iliisha, ikachagua wa kumtoa kafara. Ongeza RAM au punguza mzigo, mambo yameisha.

Skrini nyeusi, au picha imeganda, hakuna cha kusoma

Kompyuta ikiwa kwenye mazingira ya picha, ujumbe wa paniki kwa miaka mingi haukuonekana kabisa. Unabaki na eneokazi lililoganda. Tazama taa ya Caps Lock. Ikipepesa yenyewe kwenye laptopu au kibodi ya PS/2, hiyo ni paniki. Kibodi za USB hazina tabia hiyo, kwa hiyo kukosa kupepesa hakuthibitishi lolote. Kerneli 6.10 ilileta skrini maalumu ya paniki, na kuanzia 6.12 ya mwaka 2024 inaweza kuchora msimbo wa QR wenye logi ndani yake, ikiwa msambazaji wako ameuwezesha. Picha ya simu imepata maana, hatimaye.

Ukishawasha upya, tafuta kwa mpangilio huu:

```
journalctl -k -b -1
ls /sys/fs/pstore /var/lib/systemd/pstore
ls /var/crash
```

Amri ya kwanza inaonyesha maneno ya kerneli ya safari iliyopita, yaani tangu kuwashwa hadi kuanguka. Ikikujibu kwamba hakuna safari iliyopita, unda folda ya /var/log/journal ili logi zihifadhiwe. Ya pili inatazama sehemu ndogo ya kumbukumbu ya ubao mama ambako kerneli inaweza kuacha wasia. Ya tatu ni nyumba ya kdump, na kama kuna kitu kimoja tu utakachokifanya baada ya kusoma hapa, kiwe hicho.

Kdump iliingia kwenye kerneli mwaka 2005, toleo la 2.6.13. Sehemu ya RAM inatengwa tangu kompyuta inapowaka, na ndani yake inalazwa kerneli ya pili, imelala tu. Ya kwanza ikianguka, ya pili inaamka, inapiga picha ya kumbukumbu yote ya marehemu, inaihifadhi kwenye diski, halafu inawasha mashine upya. Kwenye Ubuntu:

```
sudo apt install linux-crashdump
sudo reboot
kdump-config show
cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
```

Amri ya mwisho ikirudisha 1, kerneli ya pili iko tayari. Usiishie hapo. Nimeshakuta seva kadhaa ambazo kdump ilikuwa "imewekwa" lakini RAM iliyotengwa haikutosha, na siku ya msiba haikuzaa kitu. Ijaribu, usiku, wakati hakuna anayeitumia seva:

```
echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger
```

Amri hii inaiangusha kerneli kwa makusudi, papo hapo. Ikirudi hewani, ndani ya /var/crash utakuta folda yenye tarehe, na ndani yake faili mbili: moja kubwa ya picha ya kumbukumbu, na nyingine ndogo inayoanza na dmesg. Ile ndogo peke yake inamaliza kazi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mashine isiyo na nafasi ya hayo yote, itumie netconsole, ambayo inarusha kila neno la kerneli kwa UDP kwenda kompyuta ya jirani kabla haijakata roho. Inahitaji waya wa mtandao. Kwa Wi-Fi usijisumbue.

Inakufa wakati inawaka, haifiki hata kwenye kuingia

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Hii ndiyo inayotisha zaidi kwa macho na iliyo rahisi zaidi kutibu. Zile sifuri mbili zinasema kerneli haikuona diski yoyote ya kupandisha. Kisa cha kawaida: sasisho lilikuja, /boot ilikuwa imejaa kerneli za zamani, faili ya initramfs ya kerneli mpya (mfumo mdogo wa muda unaoisaidia kuifikia diski) ikakosa nafasi ya kuandikwa. Diski yako ni nzima. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka, ingia kwenye chaguo za ziada, washa kwa kerneli ya zamani, kisha:

```
df -h /boot
sudo apt autoremove --purge
sudo update-initramfs -c -k TOLEO
sudo update-grub
```

Weka namba ya kerneli mpya mahali pa TOLEO. Herufi c ni ya kuunda. Watu hutumia u, ambayo husasisha tu faili iliyopo, na hapa faili haipo.

Kama kwenye mabano kuna namba nyingine, mfano 8,1, hapo diski imeonekana ila mfumo wa faili haukusomeka: ama kerneli haina draiva yake, ama umeharibika.

```
Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00
```

Hapa kerneli haina kosa. Programu ya kwanza kabisa, yenye PID 1, imekufa, na bila hiyo hakuna mfumo. Namba inasema imekufaje: 7f ni 127, yaani kuna faili au maktaba iliyokosekana. Ukiona 0000000b, hiyo ni ishara namba 11, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Uliza nani aligusa libc (maktaba inayotegemewa na karibu kila programu), nani alinakili /lib kwa mkono, nani alisakinisha kifurushi cha toleo lingine kwa nguvu. Washa kwa flashi ya Linux, ingia kwenye mfumo ulio kwenye diski kwa amri ya chroot, sakinisha upya kifurushi kilichovurugwa.

Na baada ya umeme kukatika ghafla, ukiishia kwenye alama ya initramfs huku ukiambiwa uendeshe fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) kwa mkono, hiyo wala si paniki. Endesha fsck kwenye sehemu iliyotajwa, kubali marekebisho, andika exit. Halafu nunua UPS.

Kuna Oops ya kusomeka

Sasa tumefika kwenye nyama. Mfano ninaoutoa ni wa draiva niliyoiandika mwenyewe, ya mizani ya USB, kwa hiyo lawama yote ni yangu. Nimeufupisha:

```
BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000008
#PF: supervisor read access in kernel mode
Oops: 0000 [#1] PREEMPT SMP
CPU: 2 PID: 1432 Comm: python3 Tainted: G  OE  6.1.0-18-amd64
RIP: 0010:mizani_soma+0x1c/0x60 [mizani]
Call Trace:
 vfs_read
 ksys_read
 do_syscall_64
```

Mwenye mizani aliona neno python3, akakesha akisasisha Python. Comm ni jina la kazi iliyokuwa kwenye CPU wakati huo tu. Ni shahidi aliyekutwa eneo la tukio, na kumlaumu ni kumkamata abiria kwa sababu basi limepata pancha.

Anza na [#1]. Namba hiyo huhesabu Oops tangu mashine iwake. Ukiona #2 au #7, acha, rudi juu ukaitafute #1. Kerneli iliyokwisha kuumia inaweza kuacha kufuli ikiwa bado imeshikwa, au kumbukumbu ikiwa imeandikwa nusu, na Oops zinazofuata ni watoto wa ile ya kwanza. Nimewahi kuchunguza #3 kwa siku mbili nzima, kazi bure kabisa. Kwenye seva sasa naweka kernel.panic_on_oops=1 pamoja na kernel.panic=10: ikikosea mara moja tu iingie paniki, kdump ipige picha ya kosa halisi, na pale ambapo kdump haipo, mashine ijiwashe baada ya sekunde 10.

Kisha anwani. Nane si anwani ya maana, na ndiyo maana inaeleza mengi. Pointa, yaani kiashiria cha mahali data ilipo kwenye kumbukumbu, ilikuwa NULL, yaani sifuri, na msimbo ulitaka kusoma kitu kilicho baiti 8 ndani ya muundo. Fungua muundo wenyewe, hesabu: chochote kilichoanzia baiti ya 8 ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Anwani za namna nyingine nazo zina lugha yake. Ukikuta dead000000000100 au dead000000000122, kuna kitu kilichokwisha kutolewa kwenye orodha na mtu bado anakifuata. Ukikuta 6b6b6b6b6b6b6b6b huku umewasha slub_debug (chaguo la kerneli la kukagua matumizi ya kumbukumbu), kumbukumbu ilisharudishwa na mtu anaitumia bado, kama mpangaji aliyekabidhi ufunguo lakini analala mle mle.

RIP, anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa na CPU, ndiyo inayotaja mahali. Funksheni ni mizani_soma, kosa liko baiti 0x1c kutoka mwanzo wake, funksheni nzima ina urefu wa 0x60, na jina lililo kwenye mabano ya mraba ni la moduli, kipande cha kerneli kinachopakiwa pembeni, kama draiva. Kosa likiwa ndani ya kerneli yenyewe mabano hayo hayaonekani. Kupata namba ya mstari kwenye msimbo, ukiwa na faili ya moduli iliyojengwa pamoja na taarifa za utatuzi:

```
./scripts/faddr2line mizani.ko mizani_soma+0x1c/0x60
```

Call Trace husomwa kutoka juu, aliye juu ndiye aliyeitwa mwisho. Majina yenye alama ya kuuliza mbele yake yaruke kwanza. Ni mabaki yaliyookotwa kwenye staki na huenda hayahusiki.

Imebaki Tainted, herufi zinazosema kerneli imechanganywa na nini au imeshapatwa na nini. O ni moduli iliyotoka nje ya kerneli rasmi, E haina saini, P ina leseni ya kufungwa. W inasema kulikuwa na onyo kabla, kwa hiyo nenda ukalisome. D, kulishatokea Oops nyingine. M, kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Ukiwa na namba tu kutoka /proc/sys/kernel/tainted, ichambue kwa kujumlisha: 12289 ni 1 na 4096 na 8192, yaani P, O na E. Ukiwa na draiva ya kufungwa ya kadi ya picha, hiyo ndiyo namba utakayoizoea.

Kwa mizani yangu, kisa kilikuwa hiki. Karani alikuwa akichomoa waya wa USB wakati Python inasoma. Draiva ikipokea habari ya kuchomolewa inafuta pointa ya kifaa. Msomaji aliyeingia sekunde hiyo hiyo anakuta NULL. Kuongeza mstari wa kukagua NULL kunapunguza ajali bila kuimaliza, maana pointa inaweza kufutwa kati ya kukagua na kutumia. Ilibidi kufuli moja ishikwe na pande zote mbili, na kifaa kihesabu watumiaji wake kabla ya kuachiwa.

Unapotaka kuona zaidi ya logi, kuna programu iitwayo crash. Inasoma ile picha kubwa ya /var/crash pamoja na vmlinux (faili ya kerneli isiyobanwa) yenye alama za utatuzi ya toleo lile lile, hadi namba ya mwisho. Kifurushi cha alama hizo ni kizito, usikipakue kwa bando la simu. Ndani yake, bt inaonyesha njia ya mwito, log inarudisha maneno ya kerneli, na struct -o inakuhesabia zile baiti za ndani ya muundo.

Kila ikianguka inamlaumu mwingine

Jamaa mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na seva ya mtumba. Jumatatu iliangukia kwenye ext4, Jumatano kwenye TCP, Ijumaa kwenye kitu cha kupanga michakato. Alikuwa ameshasakinisha mfumo mara tatu. Makosa ya programu yana uaminifu wake: hurudi palepale. Yanapotangatanga namna hii, mshuku RAM, umeme au joto.

Kwenye logi yake moja kulikuwa na "general protection fault" kwa anwani 0xffef888103c4a000. Kwenye mashine za x86 za biti 64, anwani za kerneli kwa kawaida huanza na ffff. Weka ffff na ffef sambamba: tofauti ni biti moja tu, iliyokuwa 1 ikawa 0. Programu mbovu huandika takataka nzima, si rahisi idondoshe biti moja katikati ya anwani iliyo sahihi kwingine kote. Tuliiwasha kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, na kabla dakika kumi hazijaisha kijiti cha pili kikajaa mistari myekundu. Wewe usitegemee dakika kumi; iache ikeshe usiku kucha.

Kusugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, dawa ya kila fundi mtaani, kuna siku inafanya kazi kweli, kwa kuwa kutu na vumbi huharibu mgusano. Sugua, rudisha, pima tena. Makosa yakirudi kwenye anwani zilezile, tupa. Na kumbuka kwamba RAM hiyo ilikuwa ikiandika faili kwa wiki kadhaa: nakala rudufu za kipindi hicho zikague kabla hujaziamini.

Ukiona maneno "mce: [Hardware Error]", kifaa kimejisema chenyewe. Safisha feni, angalia joto kwa sensors, weka programu ya rasdaemon ikusanye ripoti za hitilafu za vifaa.

Haikufa, imeganda

"soft lockup - CPU#1 stuck for 22s!" maana yake kuna msimbo wa kerneli uliong'ang'ania CPU bila kuiachia; kikomo cha kawaida ni sekunde 20. Ndani ya mashine pepe, kabla ya kulaumu draiva, muulize mwenye mashine mama kama hajaijaza kupita kiasi. CPU yako ilinyimwa zamu tu.

"task blocked for more than 120 seconds" ni hadithi nyingine: kazi inasubiri kitu kisichokuja, na mara nyingi kitu hicho ni diski inayokufa au seva ya NFS (ya kushirikisha faili kwenye mtandao) iliyopotea. Ipime afya ya diski kwa smartctl -a, tazama Current_Pending_Sector na Reallocated_Sector_Ct. Ili kuwaona wote wanaosubiri, echo w kwenye sysrq-trigger.

Jana ilikuwa nzima, leo baada ya kusasisha haisimami

Rudi kwenye kerneli ya zamani kupitia GRUB. Ikitulia kwa muda ule ule ambao mpya ilianguka, umeshapata toleo zuri na toleo baya, na huo ni utajiri. Kati ya matoleo mawili makuu kuna mabadiliko zaidi ya elfu kumi, lakini git bisect, amri ya kutafuta badiliko baya kwenye historia ya msimbo, hukata katikati kila mara: kama mara 14 hivi za kujenga, kuwasha na kujaribu, na inakutajia badiliko moja. Anza na make localmodconfig ili ujenge moduli unazotumia tu, la sivyo kompyuta ya kawaida itakesha kwa kila duru. Ukikosea kujibu "nzuri" hata mara moja, unapelekwa kwa asiyehusika, kwa hiyo kama ajali huja baada ya saa sita, usiseme nzuri baada ya saa mbili.

Kabla ya kuripoti, ijaribu bila moduli za nje. Ripoti yenye P au O itarudishwa kwako, na wana haki. Endesha scripts/get_maintainer.pl kwenye faili iliyotajwa ikupe wanaoitunza, kisha wapelekee logi nzima kama maandishi kuanzia mstari wa kwanza wa kuwaka, toleo kamili la kerneli, hatua za kuirudia ajali, na lile badiliko ambalo bisect imelitaja. Kama ni sasisho lililovunja kilichokuwa kikifanya kazi, litaje hilo kwenye kichwa cha barua; kwa watunzaji wa Linux, kuvunja mashine ya mtumiaji iliyokuwa nzima ni kosa lenye uzito wake, na barua za namna hiyo husomwa mapema.